Kibanguzi: kadudu ka springi kanakovua watu deraya (rivyuu ya boksi zima)

Wadau wa kucheza mezani wa huku kusini, boksi mnaloniulizia ndo hili, Kibanguzi, lile linalouzwa na kijana mchonga vinyago hapa Mtwara mjini, na jibu langu ni nunueni. Elfu kumi na tano, halafu kazi iliyomo ndani ni ya mtu aliyekaa akafikiria. Ila kuna sheria moja kwenye kadi lazima muirekebishe kabla hamjaanza, la sivyo pambano la kwanza tu litawakesha, hafi mtu wala hashindi mtu.

Kwa wageni haraka haraka: huu ni mdudu wa kutumia kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa tangu 1974 ambao mtu mmoja (DM) anasimulia na kuendesha dunia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na mambo yakiwa na utata dadu ya pande 20 inaamua. Boksi linafuata sheria za toleo la tano, lile la 2014. Na kisheria kijana yuko salama kabisa, kwasababu Januari 2023 hati ya sheria za msingi, ile wanaita SRD 5.1, ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, yani mtu yeyote wa Mtwara, Newala, popote pale, anaruhusiwa kutunga dubwana lake na kuliuza mradi ataje chanzo. Na yeye ametaja, nyuma ya kijitabu, vizuri tu. Hili limenifurahisha kuliko mnavyodhani maana nimeshaona watu wakiogopa kutoa kazi zao wakidhani watashtakiwa.

Ndani ya boksi kuna vinyago sita, kadi moja ya takwimu iliyopigwa leminesheni, na kijitabu cha kurasa nane.

Vinyago kwanza. Ni mpingo, sio plastiki ya kuprinti, ni mpingo wenyewe wa vipande vinavyobaki wakichonga vinyago vikubwa, kila kimoja kama ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mgongoni kimetobolewa tundu na kuchomekwa kifunguo kidogo cha waya wa shaba kinachochomoka. Kinachomoka kweli, unakitoa na kukirudisha. Tumboni kuna giya halisi la saa ya ukutani iliyokufa, limezamishwa kwenye mbao na kupigwa msasa mpaka uso umekuwa sawa, ukipitisha kidole husikii ukingo. Hakuna viwili vinavyofanana, kimoja taya lake limefunguka, kingine kimeinamisha kichwa kabisa kama kinanusa. Wamakonde wanachonga mashetani na binadamu waliobebana toka enzi na enzi na mkono huo unauona hapa, huyu kijana hajaiga mdudu wa kwenye picha ya mtandaoni, amechonga anachokijua.

Shida ya vinyago ni miguu. Mpingo ni mzito, miguu ni waya mwembamba, ukikiweka mezani baada ya muda miguu inatanuka na kinyago kinalala tumbo. Mimi nimevigandisha kwenye vifungo vidogo vya mafundi cherehani, vikatulia. Msitumie vifuniko vya soda, najua wengi ndo wanatumia, kwasababu huyu ni mdudu wa saizi ndogo kuliko zote na kisheria anakaa futi mbili na nusu, wanne wanaenea kwenye mraba mmoja wa ramani, na kifuniko cha soda kinajaza mraba mzima. Sasa utamu wa Kibanguzi ni kujazana. Ukimpa mraba mzima peke yake umemuua kabla hajaanza.

Sasa mdudu mwenyewe.

Hadithi ya kwenye kijitabu ni fupi na ina akili. Mji wa mawe ya matumbawe pwani, sultani ana shehena za korosho kuliko mikono ya kubangua, fundi wake anaunda wadudu wa chuma wa kubangua. Wanabangua. Fundi anafariki, na hakuna mwingine anayejua neno la kuwasimamisha. Korosho zinaisha, wao hawajaambiwa waache. Basi wanatafuta chochote chenye ganda: kobe, konokono, makasha, milango, na mwisho binadamu aliyevaa deraya, maana kwa akili yao ile deraya ni ganda na wewe ndo korosho.

Hapo mimi nilisimama nikasoma tena. Kwasababu madubwana mengi madogo ya mchezo huu hayana sababu, panya yupo kwasababu lazima awepo panya, buibui anang'ata kwasababu ni buibui. Huyu ana kazi, na wachezaji wakishaijua hiyo kazi wanaweza kuitumia: vua deraya yako uitupe kona ile, wote watakimbilia kule. Kwenye meza yangu aliyeligundua hilo ni dada mmoja muuguzi, anacheza kasisi, alikaa kimya akiangalia wenzake wanavyohangaika halafu akasema "DM, hivi huyu mchawi asiyevaa chochote mbona hawamgusi?" Meza nzima ikanyamaza. Hamna kitu kitamu kwa DM kama hicho, mchezaji amelisoma dubwana mwenyewe bila kupewa jibu.

Na mji wenyewe mtu wa huku anautambua. Kijitabu hakitaji jina ila kuna kasri juu ya mwamba lenye bwawa la pembe nane, na hilo ni Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, hakuna ubishi, kasri la karne ya 14. Wachezaji wangu wawili wameshafika Kilwa, na nilipoanza kuchora bwawa lile kwenye karatasi wakaanza kunisahihisha ngazi ziko wapi. Hebu fikirini, miaka yote tunacheza kwenye mahandaki ya Ulaya tunayoyajua kwa kusimuliwa, leo watu wanabishana kuhusu ngazi walizozikanyaga kwa miguu yao.

(Nina neno moja la kihistoria. Springi ya kuzungusha kwa ufunguo ilikuja Ulaya karne ya 15, na mafundi wa dunia ya Kiislamu wa kabla ya hapo, kama al-Jazari aliyeandika kuhusu mitambo yake mwaka 1206, waliendesha vitu kwa maji na vizito. Mdudu anayeendeshwa na maji kwenye mji kama Kilwa ingekuwa kitu kipya kabisa, DM angecheza na visima na mabirika. Ila hii ni fantasia, na ule ufunguo wa mgongoni unakuja kufanya kazi kubwa kama mtakavyoona, kwahiyo sishiki sana hapo.)

Takwimu: AC (namba ya kufikia ili umpige) 14, HP (pointi za uhai) 7, spidi futi 20 na anapanda ukuta kwa spidi hiyo hiyo, CR (kipimo cha ugumu wa dubwana) 1/8, kwahiyo XP (pointi za uzoefu) 25 kila mmoja. Ana mapigo mawili. La kwanza linaitwa Bangua, linatoa damu pointi moja tu, kitu cha kuchekea, ila likimpata mtu linafungua kitu kimoja alichonacho. Kuna jedwali la kurusha d8, yani dadu ya pande nane: bizimu ya deraya, mkanda wa ngao, kitako cha mfuko wa pesa, kifuniko cha kiriba cha maji, komeo la kitabu cha uchawi, gidamu ya kiatu na kadhalika. Bizimu ikifunguka AC inashuka moja, zikifunguka tatu deraya inadondoka. Pigo la pili anatema mafuta ya ganda, futi 10, 1d4 ya asidi, yani dadu moja ya pande nne. Na hili ni kweli kabisa jamani, mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda yanavyochuna ngozi, ndo maana wabanguaji wanapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza. Na kijana ameliweka! Mhusika akijipaka majivu na mafuta ya nyonyo kabla ya pambano, asidi inamuumiza nusu. Hakuna mahali kadi inamwambia mchezaji afanye hivyo, imeandikwa kwa DM tu. Mchezaji wangu mmoja anayecheza mpiganaji, mama yake alifanya kazi kiwandani kwenye korosho, aliposikia tu "mafuta yanachoma" akasema naenda kuchota majivu jikoni. Nikampa nusu yake pale pale na kila mtu akakubali kwamba ni haki.

Sasa wakongwe mtasema hii si ni rust monster tu, yule mla kutu? Yupo kwenye mchezo tangu 1975, na Gary Gygax mwenyewe, mmoja wa waliotunga mchezo huu, alimtoa kwenye midoli ya plastiki ya bei chee iliyotengenezwa Hong Kong, kwahiyo utamaduni wa kuokota kitu kidogo na kukifanya dubwana ni wa siku nyingi. Ila tofauti ni kubwa na ndo sababu naipenda hii zaidi. Mla kutu akigusa deraya yako, imeharibika moja kwa moja. Chain mail (deraya ya minyororo) ya sarafu za dhahabu 75 ambayo mpiganaji wa leveli ya kwanza alianza nayo inaoza mbele ya macho yake, akifika AC 10 haipo tena, na kununua nyingine hana uwezo. Nimeona watu wazima wananuna, na mmoja hakurudi mezani. Kibanguzi mara nyingi anafungua tu. Ukiwa na dakika kumi unaivaa upya, ndo muda sheria zinasema wa kuvaa deraya nzito. Shida unazo hizo dakika kumi? Wanakuja kwa sauti ya tiki tiki ukutani, giza, nusu ya kundi wana viatu visivyo na gidamu. Presha yote unaipata na kesho mali ya mtu iko palepale.

Halafu kuna zawadi ambayo sikuitegemea. Ule uchawi mdogo wa Mending, wa kuunga kitu kilichokatika kwa dakika moja, ambao kila mtu anaupita akichagua vya moto na radi, hapa umekuwa lulu. Yule dada muuguzi ndo pekee alikuwa nao. Mkanda wa ngao uliotafunwa ukakatika kabisa, akaunga. Kiriba kikatoboka, akaunga. Wote wakawa wanamfuata yeye, "dada naomba na mimi", "dada nimalizie huku". Mchezaji anayekuwaga kimya kuliko wote ndo akawa katikati ya hadithi sesheni nzima, na dubwana la HP 7 ndo limefanya hivyo. Joka haliwezi.

Haya, tuje kwenye ile sheria.

Kadi inasema Kibanguzi akifika HP 0 hafi, springi yake imeisha tu, na Kibanguzi mwingine aliye jirani anaweza kutumia zamu yake kumzungusha ufunguo, akaamka na HP 3. Wazo ni zuri sana, kwenye meza linaonekana, unakiangusha kinyago, kingine kinasogea, unazungusha kafunguo ka shaba kwa vidole vyako na watu wanapiga kelele. Shida ni kwamba haina kikomo. Ukisoma kadi kama ilivyo, wadudu wawili waliobaki kwenye kona wanaweza kuamshana mpaka kesho.

Na hesabu ya ugumu haijaihesabu hiyo. Kijitabu kinasema wadudu wote sita wanawafaa wahusika wanne wa leveli ya kwanza. Kwa vitabu: sita mara 25 ni 150, na kwasababu ni kati ya madubwana matatu na sita unazidisha kwa mbili, 300, ambayo kwa watu wanne wa leveli ya kwanza ndo mstari wa pambano gumu kamili, hatari ya kufa inaanzia 400. Kwahiyo kwenye karatasi yuko sahihi kabisa. Ila hiyo ni kwa HP 42 za jumla, sita mara saba. Kila ufunguo ukizungushwa unaongeza tatu, ukizungushwa mara sita tu ni 18 za ziada, na huku AC za wachezaji zinashuka kila raundi, kwahiyo kadri pambano linavyorefuka ndivyo wanavyozidi kupigwa. Pambano gumu linageuka kuwa la mauaji bila DM kugusa kitu. Na kinachoniuma mimi zaidi ya mauaji ni uchovu, raundi ya kumi watu wanarusha dadu huku wanaangalia simu.

Mimi nimeirekebisha hivi na nashauri mfanye hivi hivi. Moja, springi inalegea: akizungushwa mara ya kwanza anaamka na HP 3, mara ya pili 1, ya tatu springi inakatika na amekufa kabisa. Mbili, na hii ndo kubwa, mchezaji anaruhusiwa kuchomoa ufunguo. Kadi haisemi chochote kuhusu kuchomoa, wakati kinyago chenyewe kimetengenezwa ufunguo uchomoke! Mimi naweka DC 12 (namba ya kufikia kwenye dadu), Sleight of Hand, yani wepesi wa mikono, kwa mdudu anayetembea, na kwa aliyelala unachomoa tu kwa zamu yako bila kurusha dadu. Na mchezaji akifanikiwa unampa ule wa shaba wenyewe mkononi. Jamani. Mtu mzima, ana familia, anafanya kazi bandarini, ameshika kafunguo ka waya kama ameshinda kombe. Pambano likabadilika kutoka kupiga piga kuwa la kupanga, huyu avute wadudu kwa ngao yake, yule apite nyuma achomoe, na likaisha kwa wakati wake.

Kuna tundu lingine dogo. Kadi imemwandikia kinga ya sumu peke yake. Imesahau kinga ya kurogwa akili, charmed, ambayo mitambo mingine ya mchezo huu kama deraya inayotembea yenyewe wanayo. Sasa uchawi wa Sleep wa toleo hili hauwagusi wafu wanaotembea (undead) na wenye kinga hiyo, wengine wote unawalaza, na unalaza jumla ya HP za 5d8 (dadu tano za pande nane), wastani 22. Kwahiyo mchawi wa leveli ya kwanza kwa uchawi mmoja anawalaza usingizi mitambo mitatu ya chuma. Usingizi! Mtambo! Andikeni kwa kalamu ya maka kwenye kadi yenu: hawezi kurogwa akili, hawezi kutishwa, hachoki. Basi.

Nyuma ya kadi kuna kundi, wadudu wengi kwa pamoja kama dubwana moja, CR 2, AC 14, HP 36, ambazo ni namba zile zile za kundi la nyoka wa sumu kwenye sheria za msingi, kwahiyo ni salama zimeshajaribiwa na dunia nzima. Mengi sina ya kusema, linafanya kazi. Mchawi mwenye Shatter, uchawi wa kishindo cha kuvunja vitu, atafaidi sana hapa kwasababu kitu cha chuma kinarusha dadu mbili na kuchukua ndogo dhidi yake, na mimi naona ni sawa, acheni afaidi. Ila msilitumie kundi mapema. Wachezaji wakutane kwanza na mmoja mmoja, wamjue, wampe jina, halafu siku nyingine wafungue mlango wa ghala wakute ukuta mzima unatembea.

Kijitabu kimeandikwa Kiswahili chote isipokuwa majina ya sheria, na Kiswahili chake ni kizuri, kinasomeka kwa sauti mezani bila kukwama. Herufi ni ndogo mno lakini. Tulicheza umeme ukakatika tukawasha taa ya sola na kadi haisomeki kabisa kwa mwanga ule, ikabidi nipige picha na simu niikuze. Kijana akipanua kadi iwe A5 hakuna atakayelalamika.

Nani anunue: DM mwenye wachezaji wapya, hasa ambao hawajawahi kucheza, kwasababu hauhitaji kuwaelezea mazimwi ya Ulaya, unawaambia ni mdudu wa kubangua korosho amechanganyikiwa na kila mtu wa Mtwara na Lindi ameshaelewa. Wenye kampeni ya leveli za juu vinyago vitawafaa lakini mdudu mwenyewe atakanyagwa, deraya zenu zote ni za kichawi na Bangua haigusi vitu vya kichawi.

Huduma yake mimi naipa alama zote. Anakuruhusu ushike, uzungushe, uchague vinyago vyako sita kutoka kwenye rundo, na ukimwambia sheria fulani haijakaa sawa anatoa daftari anaandika. Ya ufunguo nimeshamwambia na ameniomba nimwandikie vizuri kwenye karatasi, nimempa. Walioko Lindi, Masasi na Nachingwea anawatumia kwa basi, nauli ya kifurushi juu yenu. Mwambieni tu afunge kadi kwenye bahasha yake mbali na vinyago, maana ya rafiki yangu wa Lindi ilifika miguu ya waya imeshachana leminesheni, na mhesabu funguo sita hapo hapo mkipokea kabla hamjaondoka stendi, ni ndogo na zinapenya kwenye kona za boksi.